Kongo Mbele, Tabora Nyuma

Nimekuja Ujiji kwa arobaini ya Bi Mwamvua, na tangu nifike sijakaa. Wenzangu wamekunja miguu mkekani, wanakula pilau na kumsifu marehemu. Mimi nasimama, naenda uani, narudi, nafungua begi, nalifunga. Dada mmoja ameniuliza kama nina haraka ya safari. Nimemwambia sina. Ndani ya begi kuna laptop, na ndani ya laptop kuna mchezo wa zamani wa kompyuta ambao nimehangaika nao wiki nzima kule Dodoma nikirudisha sauti zake. Mtu niliyemwandalia amekaa barazani na fimbo yake nyeupe, hatua sita kutoka hapa nilipo, na sijamsalimia. Anaitwa Bilali. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka ishirini na mbili na jicho moja lililobaki. Mimi sasa nimeivuka arobaini yangu mwenyewe, na nina neno nimelibeba tangu mwaka ule. Ndiyo maana sikai.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Simbo na cheti cha kidato cha nne kisichonipeleka popote, na Bi Mwamvua alinipa chumba na kazi kwa pamoja. Sebule yake, mtaa wa Kasingirima, alikuwa ameigeuza chumba cha kompyuta: mashine tano zilizotumika alizoletewa na mdogo wake kutoka nje, meza nzito za mninga, na feni moja iliyokuwa inalia kuliko inavyopuliza. Asubuhi watu walikuja kuchapisha barua za kuomba kazi. Mchana kutwa vijana walicheza. Kati ya kompyuta na jiko kulikuwa na pazia la kitenge tu, kwa hiyo ufundi wangu wote nimejifunza huku nanusa mawese yakichemka. Saa saba ikifika mkono wa Bi Mwamvua unapita kwenye pazia na sahani: ugali wa muhogo, samaki wa ziwani, migebuka, waliolala kwenye mchuzi mwekundu, na onyo lile lile la kila siku, "Mwenye mafuta mikononi asiguse herufi zangu!" Tulikula tumesimama, macho kwenye vioo vya kompyuta. Herufi za kibodi zake zilikuwa nyekundu vilevile.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani hata wakati ule. Mnaingia mahandaki ya chini ya ngome, timu mbili, mnawindana, kompyuta zimeunganishwa kwa waya. Picha zake mbaya, watu wana vichwa vya mraba. Lakini sauti, jamani! Kompyuta ya pembeni ilikuwa na kadi ya sauti ya kweli na spika nne, mbili nimezitundika mbele ya mchezaji na mbili nyuma yake. Ukiingia handaki la mawe nyayo zako zinarudisha mwangwi. Ukizama majini kila kitu kinaziba. Adui akikunyatia kutoka nyuma unamsikia nyuma hasa, shingo inasisimka. Kompyuta hiyo ilikuwa ya Bilali, na hakuna aliyethubutu kuikalia. Alikuwa kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mrefu, mwenye maneno mengi, anayesubiri mjomba wake amfundishe kuendesha fuso la Kasulu. Tulitaniana tangu asubuhi. Yeye ananiita "we Muha wa Simbo", mimi namwambia Mmanyema hana shamba, ana mdomo.

Kushoto na kulia havikutumika chumbani mle. Ujiji mtu akikuelekeza njia anakwambia upande wa ziwa au upande wa juu, sisi tukazidisha. Tulikuwa tunakaa tumelielekea ziwa, kwa hiyo mbele ilikuwa Kongo, nyuma Tabora, mkono wa kulia Burundi, wa kushoto Mpanda. "Bilali, Tabora wawili!" "Nimewasikia, wewe kamata Mpanda!" Mpita njia angedhani tunakata tiketi. Hata nilipotundika zile spika niliandika kwenye plasta, nikabandika kila waya jina lake: KONGO mbili, TABORA mbili. Nilijiona msomi.

Baada ya masika kuanza zikaja kompyuta mpya, nyembamba, nyeusi, zinawaka upesi. Bi Mwamvua alifurahi mpaka akazigeuza meza, ili vioo vitazame mlango wa barabarani na wapitao wavione. Kadi ya zamani nikaihamishia kwenye kompyuta mpya ya pembeni, mchezo nikauweka, ukafunguka vizuri, na sauti ikawa imekufa. Si kwamba haikuwepo. Ilikuwepo, ila imekuwa bapa. Nyayo za mbele na za nyuma zinatoka mahali pamoja, mwangwi hamna, maji hayazibi. Kwenye mipangilio, mstari wa kuwasha sauti za pande zote ulikuwa wa kijivu, haubonyezeki. Nilikuja kuelewa baadaye: mfumo mpya wa kompyuta haukuruhusu tena mchezo uongee na kadi moja kwa moja. Kila sauti ilipita kwake kwanza, naye akazibana zote mbele. Vijana wengine walilalamika siku mbili wakazoea. Bilali hakuzoea. Yeye aliyekuwa hashindiki akawa anauawa na watoto wa juzi, tena kutoka pembeni, hata pale adui alipokuwa wazi kabisa kwenye kioo. "Huyu alikuwa hapo hapo ubavuni kwako!" nilimwambia siku moja. Akanigeukia kwa ukali ambao sikuuzoea. "Devota, nirudishie sauti yangu. Sikuombi, nakwambia." Nilicheka. Nilidhani ni uchungu wa kushindwa.

Dawa yenyewe, nilipoipata, ilikuwa faili moja dogo. Nililishusha mjini, kwenye mtandao uliokuwa unatambaa, nikaja nalo kwenye flashi. Faili lile lina jina sawasawa na faili la mfumo linaloshughulikia sauti. Ukiliweka ndani ya folda ya mchezo, mchezo ukiita jina hilo unaitikiwa na aliye karibu, na aliye karibu anajua lugha ya zamani: anapokea maneno yaliyokuwa ya kadi, anapiga hesabu za nyuma na mbele na mwangwi yeye mwenyewe, kisha anaukabidhi mfumo kazi iliyokwisha. Mara ya kwanza nililiweka kwenye folda ya mfumo, kompyuta nzima ikawa bubu, Bi Mwamvua akanifuata na mwiko. Mara ya pili nililiweka mahali pake. Ule mstari wa kijivu ukawa mweusi. Nikaubonyeza, nikaingia handakini, na nyayo zangu zikarudi kwa mwangwi. Nilipiga yowe, kuku wa jirani wakaruka.

Nikazitundika spika upya kwa kufuata plasta zangu, Kongo ukuta wa ziwani, Tabora ukuta wa juu, nikamwita Bilali. Akakaa, akauawa. Akakaa tena, akauawa. Siku tisa nzima nililaumu lile faili. Nililifuta, nikalirudisha, nikatafuta toleo lingine. Nilipopima, sauti ya mbele ilitokea ziwani, na ziwani ni Kongo, na Kongo ni mbele, sasa tatizo liko wapi? Kwangu Kongo ilikuwa mbele nikiwa nimekaa, nimesimama, hata nimelala. Siku ya kumi Bilali akasonya, akageuza kiti, akakipa kioo mgongo, akafumba macho. "Niingizieni wachezaji," akasema. Wakaingia. "Wa kwanza Burundi. Anakuja. Wawili Tabora, mmoja yuko kwenye maji. Huyu wa Kongo amesimama, anaogopa." Nilitazama kioo. Yote kweli tupu.

"Mungu wangu! Meza!" nikapiga kelele. "Bi Mwamvua aligeuza meza!"

Wachezaji sasa walikuwa wanaitazama Tabora, na fundi mzima nilikuwa nimezitundika spika zao za mbele kwenye ukuta wa mgongoni kwao. Chumba kilicheka mpaka feni haikusikika. "Muha ametupeleka Kongo kinyumenyume!" Bilali alisema, naye anacheka, machozi yanamtoka. Nikahamisha spika, akakaa sawa, akawamaliza wote, na kuanzia siku ile jina langu likawa Fundi. Mtu mmoja tu hakucheka. Bi Mwamvua alikuwa amesimama kwenye pazia na kikombe cha uji, akakiweka mezani kando ya mkono wa kushoto wa Bilali, akangoja. Bilali akaulizia uji wake. Akaambiwa upo. Akapapasa kulia.

Jioni ile nikiwa nakunja nyaya nilimsikia Bi Mwamvua jikoni akiongea na jirani yake aliyekuja kuomba chumvi. "Yule kijana haoni pembeni, wallahi. Anaona kwa katikati tu. Nimempima kwa kikombe, nikampima kwa mlango." Jirani akasema labda ni kuchezea kompyuta mno. "Kompyuta gani! Baba yake mdogo alikufa kipofu, ilikuwa presha ya macho, ilianza hivi hivi. Mficha maradhi kifo humuumbua." Nilisimama na waya mkononi. Ndipo yote yakapangika: wale watoto waliomuua kutoka pembeni, ule ukali, "nirudishie sauti yangu." Spika zangu zilikuwa ndizo pembe za macho yake. Na unajua nilijisikiaje? Nitasema, maana nimechoka kulipamba. Nilisikia huruma, ndiyo, lakini mbele ya huruma nilisikia fahari. Kazi yangu ilikuwa inamfanya mtu aone.

Kesho yake nilimuuliza. Tulikuwa nyuma ya nyumba, tunamenya muhogo wa Bi Mwamvua. Hakukataa. Alisema inaanza kama ukungu pembeni, ukigeuka haupo, kisha unakuja kukaa. "Nikienda hospitali wataniambia basi. Mjomba akisikia neno macho, fuso nimelikosa. Usimwambie mama yangu, Fundi. Mbona nacheza vizuri?" Nikamwambia Bi Mwamvua ameshajua. Akaacha kumenya. "Basi mzuie," akasema.

Mwezi wa tano ikatangazwa kwamba daktari wa macho amekuja hospitali ya mkoa, atakaa wiki moja tu, Ijumaa anaondoka. Bi Mwamvua alipata msiba Kasulu wiki hiyo hiyo. Alfajiri ya kuondoka alinishika mkono mlangoni, kanga mbili begani. "Alhamisi umpeleke, mwanangu. Mkono kwa mkono mpaka mbele ya daktari. Mimi hanisikii, wewe anakusikia." Nikasema sawa, mama. Na Alhamisi ndiyo siku tuliyokuwa tumepatana kucheza na vijana wa Mwanga, mtaa wa mjini, waliokuwa wakitamba kwamba Ujiji tunajua kuvua dagaa tu, kompyuta tuwaachie wao. Walikuja wanane. Asubuhi nilimwambia Bilali twende hospitali. Wallahi nilimwambia, kama alivyozoea kuapa Bi Mwamvua. Akaniuliza, "Na Mwanga?" Nami, ambaye ningeweza kufunga chumba na kuweka ufunguo mfukoni, nikasema, "Labda tuwahi kesho asubuhi." Nilijua foleni ya kesho haitatufikia. Nilitaka watu wa Mwanga wazisikie spika zangu.

Tuliwapiga. Sijapata kuona mtu akicheza vile. Hakuwa anatazama kioo, alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, midomo inataja miji: Mpanda, Tabora, Tabora, Burundi. Wale wa Mwanga walimkagua kama ana mtu anayemnong'oneza. Mmoja aliingia chini ya meza kutafuta waya wa siri. Nikawaeleza habari ya faili, kwa madaha, nimeshika kiuno. Kesho yake tulifika hospitali saa nne, foleni imezunguka jengo, na saa saba daktari akaingia garini. Bilali hakusikitika. Alininunulia muwa.

Jumamosi Bi Mwamvua akarudi, vumbi la Kasulu mpaka kwenye kope. Kabla hajakaa akauliza, "Ameonwa?"

"Ameonwa, mama. Amepewa dawa ya matone."

"Alhamdulillahi," akasema, akaniwekea kichwa cha mgebuka, kile anachokipenda yeye.

Nimefanya kazi na kompyuta miaka ishirini na zaidi. Nimepoteza data za watu, nimeunguza mashine za ofisi, nikaomba radhi nikalala. Kile kichwa cha mgebuka bado kimenikaa kooni. Nilijiambia daktari atarudi, ni miezi michache, matone yakichelewa kidogo yana neno gani. Bilali akaendelea kushinda. Kila aliposhinda niliamini kidogo zaidi kwamba si mgonjwa.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, Bilali alivuka barabara mbele ya nyumba yetu na kuingia moja kwa moja kwenye baiskeli iliyobeba madumu ya mawese. Ilimtokea upande wa Mpanda. Madumu yakapasuka, barabara ikawa nyekundu, mwenye baiskeli akainuka na hasira zake. "We kijana, huoni?"

"Sioni," Bilali akajibu.

Alijibu taratibu, kama mtu aliyeulizwa saa.  Mimi nilikuwa mlangoni na hedifoni shingoni. Ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele za watu, na alilisema amesimama kwenye mafuta, mikono imefunguka, hajui ageukie wapi.

Safari hii Bi Mwamvua alimpeleka mwenyewe daktari aliporudi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia limebaki tundu la katikati. Kilichokwenda hakirudi, daktari alisema. Matone yangeweza kukizuia kama yangeanza mapema. Bi Mwamvua alirudi, akavua viatu, akaja mpaka kwenye meza yangu. Vijana walikuwa wanacheza. "Devota. Pale hospitali faili lake la mwezi wa tano halipo."

Nikasema, "Labda limepotea, mama."

Alinitazama. "Labda," akasema, akaingia jikoni. Sahani ikapita kwenye pazia kama kawaida. Januari nilipata nafasi ya mafunzo Mwanza, nikaondoka na begi moja. Nilimpigia simu kila sikukuu, naye kila sikukuu aliniuliza utakuja lini, mwanangu. Nilikuwa na kazi. Daima nilikuwa na kazi. Nimekuja yeye akiwa na siku arobaini kaburini.

Sasa pilau imekwisha, watu wanaosha mikono. Nimevuka hizo hatua sita. Sijasema jina langu. Nimesema tu, "Habari za hapa," naye akainua uso. "We Muha wa Simbo. Umetembea uani mara tisa. Nilijua ni wewe au ni mwizi." Nimecheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Nikamwambia nimemletea kitu, nikamwingiza sebuleni, ambako sasa hakuna kompyuta, kuna makochi na picha ya Makka. Nikamwekea kiti, nikafungua laptop, nikamweleza kwamba siku hizi hazihitajiki spika nne. Lile faili limekua, linapiga hesabu za masikio mawili tu, unavaa hedifoni na nyuma inakuwa nyuma. Ila mfumo wa sasa unaficha folda, na mchezo uligoma mpaka nilipo... nikawa naongea tu, naongea, mikono inahangaika na waya.

"Fundi," akasema. "Sema."

Nikasema. Nilimwambia kuhusu mkono wa Bi Mwamvua mlangoni, na ile kesho asubuhi niliyojua haitafika, na "ameonwa, mama", na "labda limepotea". Nilimwambia nilitaka sauti yangu isikike, na kwa hiyo macho yake nikayaweka foleni nyuma ya spika. 

"Aliniuliza na mimi, siku ile ile ya daktari," akasema. "Nikamwambia nilikukimbia kwenye geti la hospitali, wewe huna kosa. Akasema, mwongo mmoja anaitosha nyumba hii, nyie mko wawili. Alijua tangu jioni ile, Devota. Akaniambia, huyo akija usimtangulizie, aseme mwenyewe. Ikawa kila Idi anapika kichwa cha mgebuka anakiweka pembeni. Mimi nilikulaumu. Sitakudanganya, miaka minne nilikulaumu, nikiona giza nakutaja jina. Halafu nikachoka, nikaoa."

Akavaa hedifoni. Akapapasa meza, akaguna. "Umenikalisha vibaya tena. Huku ni Tabora." Akainuka, akageuza kiti mwenyewe mpaka akaelekea ziwa, laptop imebaki mgongoni kwake. Nikabonyeza. Handaki lilifunguka, nikamwona mabega yanashuka. Matone ya maji. Mwangwi. Kidole chake kikaanza kuonyesha hewani, Burundi, Mpanda, taratibu, kama mtu anayepita nyumbani kwake na kukuta vitu viko mahali pake. Mimi nilibaki nyuma ya kiti, mkono mdomoni, najikaza kwa nguvu zangu zote.

Akanyoosha kidole nyuma, juu ya bega.

"Huyu wa Tabora ni nani?"

Nikatazama kioo. Handaki lilikuwa tupu. "Hakuna mtu huko," nikasema, na sauti ikanikatikia katikati.

Akavua hedifoni sikio moja.

"Yupo, analia. Mwambie aache kulia huko Tabora. Mwambie aje Kongo, nimsikie vizuri."